Kundi la Bandeji

Kazini walimwita Mama Pasi, na jina likamganda mpaka mtaani, hata majirani wengine hawakujua kama alikuwa na jina jingine. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya pasi kubwa ya mvuke katika chumba cha kufulia cha hospitali, akinyoosha mashuka, magauni ya wauguzi, na makoti meupe ambayo madaktari huyachukua asubuhi yakiwa safi na kuyarudisha yana madoa ya wino mfukoni. Sakafu ilikuwa ya saruji. Viti vilikuwa viwili tu: kimoja cha msimamizi, kingine kimevunjika.

Mumewe alikuwa fundi saa. Alishinda ameketi kibandani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, vidole vikichezea vipande vidogo kuliko punje za mchele. Watu walitania kwamba nyumba ile imegawana kazi vizuri: mke anasimama kwa niaba ya wawili, mume anakaa kwa niaba ya wawili. Miaka ya mwanzo Mama Pasi alicheka sana. Baadaye aliacha kucheka, wala si kwa kununa. Alikuwa amechoka.

Mguu wake wa kushoto ulianza kubadilika baada ya uzazi wa tatu. Mishipa ilitokeza nyuma ya goti ikashuka kwenye shavu la mguu, minene, imejikunjakunja. Haikuuma sana, ilikuwa nzito tu. Kisha ngozi ya karibu na kifundo ikaanza kuwa nyeusi na ngumu, ikawa inawasha jioni. Halafu siku moja kitoroli cha mashuka kilimgonga hapo hapo penye weusi. Kilikuwa kijeraha cha kubandika plasta na kusahau. Hakikusahaulika. Kikawa kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kikapanuka mpaka kikatosha kiganja cha mtoto, na miaka saba ikapita.

Donda ndugu, watu walisema. "Ndugu gani huyu," Mama Pasi aliwajibu, "anakuja kwa mtu na haagi?"

Alipaka kila kinachopakika. Alimeza vidonge vya kuua vijidudu mpaka akajua rangi zake. Walimpima sukari mara tatu, na mara zote tatu wakamwambia hana. Jirani mmoja akasema ni damu chafu, mwingine akasema ni umri. Alivaa soksi mbili ili majimaji yasionekane, na kwenye shughuli za watu alikaa karibu na dirisha kwa sababu ya harufu. Kazini harufu ya sabuni ilifunika yote. Ndiyo maana alipenda kuwa kazini kuliko mahali pengine popote, ingawa kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Kila Ijumaa alipanda ngazi kwenda chumba cha vidonda, asafishwe, afungwe shashi, arudi kwenye pasi. Ijumaa moja alimkuta muuguzi mgeni, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Huyo hakukimbilia mkasi. Alisoma kwanza faili, ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwambia asimame na apandishe gauni mpaka gotini.

"Mama, kidonda hiki chanzo chake nini?"

"Kitoroli, sista."

"Hicho kitoroli kimegonga watu wangapi humo chini?"

"Ah, wengi. Hakina breki."

"Na wote wana vidonda?"

Mama Pasi akatikisa kichwa.

"Nimesoma hapa," muuguzi akasema taratibu. "Miaka saba watu wamekitazama kidonda. Hakuna aliyeutazama mguu."

Alimpeleka chumba cha jirani kwa daktari wa mishipa, mtu mrefu mwembamba ambaye wagonjwa walimbatiza jina la Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Futi alimpaka jeli ya baridi kwenye paja, akateremsha kidude cha mashine polepole mpaka kwenye kifundo. Mashine ikatoa sauti kama upepo unaovuta pazia. Alipoliminya shavu la mguu, upepo ulivuma kwenda juu. Alipoachia, ukavuma tena, mrefu zaidi, kurudi chini.

"Umesikia?" akauliza. "Hiyo ya pili haikutakiwa kuwepo. Damu ikishafika mguuni inapaswa kupanda kurudi moyoni. Njiani kuna vilango vidogo, damu ikipita vinafunga nyuma yake. Vyako vimelegea. Damu inapanda hatua mbili, inashuka moja na nusu. Imetuama huku chini miaka na miaka, ngozi imeharibika kwa ndani. Kitoroli kilikuta kazi imeshafanyika."

"Kwa sababu ya kusimama?"

"Kusimama, kuzaa, na pengine kurithi. Mama yako miguu yake ilikuwaje?"

Mama Pasi alikumbuka vitambaa alivyokuwa akimfulia mama yake, virefu vyembamba, vilivyoanikwa nyuma ya nyumba watu wasivione. "Alikuwa akiifunga," akasema. "Sisi tulidhani ni uzee."

Ndipo Futi akamweleza habari za utafiti. Walikuwa wakitafuta watu wenye vidonda kama chake. Wote wangefungwa bandeji maalumu ya kubana, inayoisukuma damu ipande. Nusu yao wangezibwa mshipa mbovu mapema, kwa kupitishiwa ndani yake waya mwembamba wa joto unaouunguza ujifunge, damu ipite kwenye mishipa mizima, kwa ganzi, bila kulazwa. Nusu ya pili wangebaki na bandeji peke yake, na mshipa ungezibwa baada ya kidonda kupona, au mwaka ukiisha. Kwamba kuziba mshipa kunasaidia kidonda kisirudi, hilo lilijulikana. Walichotaka kujua ni kama kuziba mapema kunaharakisha kupona, kwa watu wanaoshinda wamesimama kama yeye.

"Mimi nachagua la mshipa," Mama Pasi akasema.

"Huchagui, mama. Wala mimi sichagui. Kompyuta ndiyo inayogawa."

"Basi ni bahati nasibu."

"Ndiyo. Tukichagua wenyewe tutawapendelea wenye vidonda vidogo, kisha tutajisifu kwamba tumewaponya."

"Na wewe moyoni unadhani lipi bora?"

Futi akajifuta jeli mikononi. "Kudhani si kujua. Ningekuwa najua, nisingekusumbua."

Aliweka sahihi. Siku ile ile kwenye benchi alikuwepo kinyozi mmoja, mnene, mcheshi, naye mguu wake ulikuwa umempasukia miaka miwili nyuma. Muuguzi akatoka na majibu. Kinyozi alikuwa kundi la mshipa, Mama Pasi kundi la bandeji.

"Dada, usinune," kinyozi akasema. "Tubadilishane tu. Sista, si inawezekana?"

"Haiwezekani."

"Basi dada, nitakunyoa bure."

Akacheka, Mama Pasi naye akacheka, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya mbele za watu. Mwilini aliusikia uchovu ukishuka mpaka kwenye unyayo.

Bandeji ile ilitakiwa kufungwa kila asubuhi na kufunguliwa wakati wa kulala. Haikuwa kazi ya mtu kujifungia mwenyewe, kwa hiyo Ijumaa iliyofuata alikuja na mumewe afundishwe. Fundi saa aliinama, akabana jichoni kile kioo chake cha kazini. Anza kwenye shina la vidole, akaambiwa, zunguka kisigino, panda, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, kaza kwenye kifundo, legeza kidogo kuelekea goti. Alirudia mara moja tu. Mizunguko ikakaa sawasawa, haina kunyanzi hata moja.

"Baba, ukichoka na saa njoo tukuajiri," muuguzi akamwambia.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya chai alipiga goti mbele ya mkewe, mgongo ukimlalamikia, akaufunga ule mguu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akimaliza alilipapasa goti mara mbili, maana yake tayari, nenda.

Chumba cha pasi kilikuwa na joto la kutosha kuivisha mkate. Kufika saa nne bandeji ilikuwa imelowa jasho, inawasha kama upupu, na kiatu hakiingii vizuri. Wiki ya tatu, siku ambayo mashuka ya wodi mbili yaliletwa kwa pamoja, Mama Pasi aliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaifungua, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Leo tu, alijiambia. Mguu ulipata hewa, naye karibu alie kwa raha. Jioni kabla ya kutoka aliifunga tena mwenyewe.

Leo tu ikazaa wiki, na wiki ikazaa miezi.

Kila Ijumaa muuguzi alimuuliza swali lile lile, kalamu mkononi. "Siku ngapi umefunga kutwa?"

"Zote, sista."

Muuguzi aliandika saba. Kisha alitandaza juu ya kidonda karatasi ya plastiki inayoonyesha, yenye miraba, akachora ukingo wake kwa kalamu, akahesabu miraba. Wiki ya sita miraba thelathini na moja. Wiki ya kumi, thelathini. Wiki ya kumi na moja kinyozi alifika amekunja suruali, akaunyoosha mguu wake katikati ya watu kana kwamba anautafutia mnunuzi. Palipokuwa na kidonda palibaki ngozi ya waridi inayong'aa. Benchi zima likampigia makofi. Mama Pasi naye alipiga makofi, akampa hongera, kisha akaenda chooni akajifungia na kukaa tu, bila haja yoyote, mpaka mtu akagonga mlango.

Wiki ya kumi na mbili Futi mwenyewe alimwangalia. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyesoma karatasi nyingi.

"Mama, wewe ndiye unayetufuatia masharti kuliko wote," akasema. "Saba kwa saba, kila wiki. Na bado hakipungui." Akavua miwani, akajisugua paji la uso. "Nimeanza kujiuliza kama bandeji hii inasaidia kitu."

Hakumshutumu. Alisema kama mtu anayejisemea, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Lakini neno lile Mama Pasi alishuka nalo ngazi, akasimama nalo mbele ya pasi kutwa nzima. Alikuwa amedhani uongo wake ni wa mguu wake mwenyewe. Sasa aliona unavyosafiri. Mahali fulani palikuwa na mwanamke mwingine amesimama mbele ya pasi nyingine, na siku moja ataambiwa bandeji haina maana, kwa sababu yeye, Mama Pasi, alisema saba.

Jioni ile mumewe alipokuwa akimfungua bandeji, ilimtoka.

"Baba, mimi hii siivai. Kazini naivua. Ni wiki tisa sasa."

Fundi saa aliendelea kukunja. "Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku za kwanza. Mimi nafunga kwenda kulia. Jioni nikifungua nakuta imekwenda kushoto."

Mama Pasi akashindwa kumtazama. Alifikiria zile asubuhi zote, magoti yake sakafuni, mkono kiunoni akiinuka. "Sasa mbona hukusema? Ungenigombeza, heri ningejua moja."

"Nilifikiri," mumewe akasema, "utachoka kunidanganya kabla mimi sijachoka kukufunga."

Alilia, si sana. Mumewe alikwenda kuifua bandeji kama kawaida yake, akaianika.

Kesho yake baada ya kazi hakungoja Ijumaa. Alimkuta muuguzi peke yake, amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, kiatu kimoja kimevuliwa. Akamwambia yote akiwa bado amesimama mlangoni.

Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandisha suruali yake. Chini ya goti alikuwa amevaa soksi nzito ya kubana.

"Nami mishipa yangu imevimba," akasema. "Nami soksi hii saa sita huwa naivua. Kaa basi, umesimama kama mshtakiwa."

Alichukua daftari la utafiti. Hakufuta kitu. Juu ya kila saba alipiga mstari mmoja, saba yenyewe ikabaki inasomeka, pembeni akaandika kile alichoambiwa, tarehe ya leo na sahihi. Alifanya hivyo mara tisa, na kila mara alimuuliza kwanza.

"Mnanitoa?" Mama Pasi akauliza.

"Hatumtoi mtu kwa kusema kweli. Unabaki kwenye kundi lako. Ila kuna kitu umetufunza. Sisi tulikaa ofisini tukaamua mtu ataivaa kutwa. Hakuna aliyeshuka kupima joto la chumba chenu."

Wiki ile ile alishuka mwenyewe, na Futi nyuma yake na utepe wake, wakasimama mbele ya pasi dakika kumi, wakatoka wametota. Walizungumza na msimamizi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hajawahi kuulizwa. Mama Pasi akahamishiwa meza ya kukunja, karibu na dirisha, kwenye kiti, mguu juu ya kreti ya sabuni iliyofudikizwa na kuwekewa mto.

Usidhani alifurahi. Ile pasi ilikuwa yake. Alijua inapokwaruza, inapotaka kubembelezwa. Ilipewa binti aliyekuwa na miaka miwili tu kazini, na siku ya kwanza Mama Pasi, kwa mlio wa mvuke peke yake, alijua binti anakimbiza kitambaa. Alijikanya asiseme. Akasema. Binti akamjibu, "Sawa, shangazi," kwa ile adabu ya kumwambia mzee kwamba zamu yake imekwisha. Alikunja mashuka mpaka jioni.

Lakini bandeji ilikaa mguuni. Mara nyingine alisema saba, mara nyingine tano, mara moja, kulipokuwa na joto la ajabu, mbili. Muuguzi aliandika kama alivyosikia. Miraba ikaanza kushuka: ishirini na sita, ishirini na mbili, wiki moja ikapanda tena, kisha kumi na saba. Haikuwa safari ya kusimulia. Ilikuwa Ijumaa baada ya Ijumaa, ngazi zile zile. Kwenye benchi wenzake walipungua, wengine wamepona, wengine wamekata tamaa. Kuna siku alifika yeye na mzee mmoja tu, wakakaa kila mtu upande wake.

Wiki ya thelathini na nane muuguzi aliinamia mguu muda mrefu, akainuka, akasema, "Kimefunga."

"Una hakika?"

"Tutakiangalia tena baada ya wiki mbili."

Baada ya wiki mbili kilikuwa bado kimefunga. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mama Pasi alingoja furaha ije. Kilichokuja kilikuwa usingizi. Alirudi nyumbani akalala mchana, na mumewe aliporudi alimkuta bado amevaa viatu.

Mwezi uliofuata walimziba mshipa. Sindano za ganzi pajani zilichoma kama nyigu, kisha hakusikia tena ila joto la mbali. Futi alipomwita kumwambia wamemaliza hakujibu. Walishtuka, kumbe anakoroma.

"Mama, hapa watu huwa wanaomba dua," Futi akamwambia. "Wewe umelala!"

"Daktari, ni lini tena mtu ataniambia nilale mchana kweupe na nisiguse kitu?"

Matokeo yaliposomwa waliitwa wote kwenye ukumbi wa hospitali. Futi aliwaonyesha ukutani mistari miwili. Wa waliozibwa mapema ulipanda haraka. Wa bandeji ulipanda pia, lakini kwa kujivuta, na pale ambapo watu walishindwa kuivaa ulikuwa karibu ulale. Tangu sasa, alisema, hospitali yao itaziba mapema. Na kwa wenye kazi za joto, atakayewapa bandeji aulize kwanza wanakofanyia kazi.

Mtu mmoja alisimama nyuma. "Kwa hiyo sisi wa bandeji mlituchelewesha."

Futi aliweka chini kijiti alichokuwa akionyeshea ukutani. "Ndiyo," akasema. "Leo tunajua kwamba ndiyo. Kabla yenu hatukujua."

Kinyozi, aliyekaa kando ya Mama Pasi, akamnong'oneza, "Dada, una hasira?"

Mama Pasi aliutazama mstari wa chini. Wiki zake thelathini na nane zilikuwemo humo, na zile tisa za uongo zilizosahihishwa, na magoti ya mumewe. Aliitafuta hasira moyoni, hakuipata. Fahari nayo hakuipata. "Kaka," akasema, "mimi miguu inaniuma kwa kukaa. Sikutegemea."

Walipokuwa wakitoka muuguzi alikuwa mlangoni na fomu nyingine. Walitaka kuwafuata watu kwa miaka mitano, waone vidonda vya nani vitarudi. Wa kundi la mshipa walikuwa wamejaa kwenye orodha. Wa bandeji alikuwa amewapata wanne.

"Miaka mitano!" Mama Pasi akasema. "Sista, mimi hata wiki ijayo naiona mbali."

"Ninajua, mama. Hulazimishwi. Sema hapana na bado tutakutibu."

Mumewe alikuwa amesimama pembeni, mkono kiunoni. Mama Pasi aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari, watu wakimpita. Alitaka kusema hapana, na ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Nimechoka," akasema. "Leta kalamu."

Aliweka sahihi, akaomba miadi iwe mchana, kwa sababu asubuhi mguu huwa mgumu. Muuguzi akaandika saa nane. Kisha mke na mume wakashika njia kwenda nyumbani, mguu wa mmoja na mgongo wa mwingine, wakapumzika mara tatu njiani.